Watazamaji wa televisheni huhesabiwa namna gani, na sisi wamama tumo katika hesabu?



Katika miji yetu kila kituo cha televisheni hujisifu. Hiki kinasema ndicho kinachotazamwa kuliko vyote, kile kinasema kimekishinda hiki, na cha tatu nacho kinatangaza maneno yaleyale. Haiwezekani wote watatu wawe wa kwanza. Lakini ni mara chache tunajiuliza: aliyehesabu alihesabu vipi? Alipita katika kartiye gani? Alimuuliza nani? Antena ya nyumbani inapokea picha tu, hairudishi habari yoyote kituoni. Mtangazaji anayetutazama usoni kila jioni hatuoni kamwe, wala hajui kama tuko watu wanane mbele yake au kama televisheni inajisemea peke yake huku sisi tukiwa jikoni.

Pengine mtu atasema hilo ni jambo la wenye vituo, halituhusu. Sisi walimu na wamama wa kundi hili tunaona linatuhusu sana. Kituo cha biashara kinaishi kwa matangazo ya sabuni, bia, maziwa ya unga na simu. Bei ya tangazo hufuata idadi ya watazamaji. Kipindi kinachosemekana kina watu wengi hupewa saa nzuri. Kipindi kinachosemekana hakina watu husogezwa hadi usiku sana, au kinaondolewa. Hata wanaoandaa ujumbe wa chanjo, wa kipindupindu au wa masomo ya watoto hutazama hesabu hizo kwanza ili wajue wapitishe ujumbe wapi na saa ngapi. Kwa hiyo hesabu ikimwacha mtu nje, kipindi nacho kinamwacha nje. Ndiyo maana juma hili tumeamua kueleza hesabu hiyo inafanywa namna gani, na inastahili kuaminiwa kiasi gani.

Kijiko kimoja cha sombe

Jambo la kwanza la kujua: hakuna nchi inayohesabu watazamaji wote mmoja mmoja. Wanahesabu wachache, kisha wanakisia wengine kutokana na hao. Wachache hao huitwa sampuli.

Hilo lisitushangaze, kwani kila siku tunafanya hivyo jikoni. Ili kujua kama sombe imekolea chumvi, hatuli sufuria nzima. Tunaonja kijiko kimoja, na kijiko kimoja kinatosha hata kama sufuria ni ya harusi. Lakini kuna sharti: lazima tukoroge kwanza. Kama chumvi imebaki upande mmoja, kijiko kitatudanganya, na kuongeza ukubwa wa kijiko hakutasaidia kitu tukiendelea kuchota upande uleule.

Wamarekani walijifunza somo hilo kwa aibu mwaka 1936. Gazeti moja kubwa, The Literary Digest, lilitaka kubashiri nani atakuwa rais. Lilituma karatasi karibu milioni 10 kwa watu, na zaidi ya milioni 2 zilirudi zikiwa zimejazwa. Hesabu ya gazeti ilisema Alf Landon atashinda. Kura zilipopigwa, Franklin Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Kosa lilikuwa wapi? Majina mengi ya watu walioandikiwa yalitoka katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Wakati ule wa shida, mwenye simu na gari alikuwa mtu mwenye feza. Tena, wengi walioandikiwa hawakujibu, na waliojibu hawakufanana na walionyamaza. Mwaka uleule George Gallup aliuliza watu wachache zaidi kwa mbali, lakini aliwachagua kwa uangalifu, na akabashiri mshindi sawasawa.

Tukumbuke mfano huo mpaka mwisho wa makala hii. Wingi wa walioulizwa si dawa ya kila kitu. Kwanza tutazame ni nani walioulizwa, na ni nani walioachwa.

Kutoka simu hadi kisanduku

Kazi ya kupima ilianza na redio, huko Marekani. Mwaka 1930 Archibald Crossley alianza kupima kwa simu: watu wanapigiwa na kuulizwa walisikiliza nini siku iliyopita. Ubaya wake ni kwamba kichwa cha binadamu kinasahau. Mtu anakumbuka kipindi mashuhuri, anasahau kile kidogo. Ndipo kampuni ya C. E. Hooper ikachukua njia nyingine: kupiga simu wakati kipindi kinaendelea na kuuliza, "Sasa hivi unasikiliza nini?" Hapo kusahau kuliondoka. Lakini tatizo la simu lilibaki palepale, maana nyumba isiyo na simu haikuwemo kabisa.

Njia ya tatu ilikuwa ya mashine. Walimu wawili wa chuo kikuu cha MIT walibuni kisanduku kinachofungwa kwenye redio na kuandika chenyewe ni saa ngapi redio imewashwa na iko kwenye kituo gani. Arthur C. Nielsen, aliyekuwa ameanzisha kampuni yake Chicago mwaka 1923, alinunua haki za kisanduku hicho mwaka 1936. Mwaka 1950 alianza kukitumia kwa televisheni. Tangu siku hizo jina la Nielsen na hesabu ya watazamaji wa Marekani ni kama ulimi na mate.

Kisanduku hakisahau na hakisemi uongo, lakini kilikuwa na upofu wake. Kilijua televisheni imewashwa, hakikujua nani ameketi mbele yake. Labda ni baba, labda ni watoto watatu, labda ni mbuzi aliyeingia sebuleni. Kwa sababu hiyo Nielsen aligawa pia madaftari. Kila nyumba iliyochaguliwa ilipewa daftari la juma moja ili iandike nani alitazama nini na saa ngapi. Mara nyingi aliyejaza alikuwa mama wa nyumba, kwa niaba ya wote. Sisi wenye kubeba kazi za nyumba tunaelewa matokeo: daftari linasahauliwa siku nne, kisha Jumamosi usiku linajazwa lote kwa mara moja. Vipindi vikubwa vinaandikwa. Vile ambavyo watoto walitazama mama akiwa sokoni havijulikani, kwa hiyo haviandikwi.

Mwaka 1987 Marekani ilihamia kwenye kipimo cha watu. Ni kisanduku chenye telekomande, na kila mtu wa nyumba ana kibonyezo chake. Ukiketi kutazama unabonyeza, ukiondoka unabonyeza tena. Mgeni naye anaingizwa, kwa kutaja umri na kama ni mwanamke au mwanaume. Usiku taarifa zinakwenda zenyewe kwa kampuni, na asubuhi hesabu iko mezani kwa wenye vituo.

Ufaransa ina kampuni yake, Médiamétrie, iliyoanza mwaka 1985. Inafuata nyumba zipatazo 5,000 zilizokubali kuwekewa kipimo. Siku hizi vituo vya huko hutia ndani ya sauti ya kipindi alama ambayo sikio la binadamu haliisikii, lakini kipimo kinaisikia. Kwa njia hiyo kipimo kinajua kituo bila kujali picha imefika kwa antena, kwa dekoda au kwa intaneti. Tangu mwaka 2020 Médiamétrie inahesabu pia watu wanaotazama nje ya nyumba zao, na kwenye simu.

Marekani kwa sasa nyumba zenye kipimo cha Nielsen ni zaidi ya 40,000, wakati nyumba zenye televisheni zinazidi milioni 120. Nyumba moja inasema kwa niaba ya nyumba zipatazo 3,000. Juu ya hapo kampuni huongeza taarifa zinazotoka katika mamilioni ya dekoda na televisheni zenye intaneti. Hata hivyo dekoda ina upofu uleule wa kisanduku cha kwanza: inajua chaneli, haijui nani anatazama. Ndiyo sababu nyumba za sampuli hazijaachwa.

Namba mbili zinazochanganya watu

Kabla ya kuuliza kama hesabu ni sahihi, tujue inasema nini. Ziko namba mbili, na kituo hupenda kutaja ile inayokipamba.

Tuchukue kartiye yenye nyumba 100 zenye televisheni. Saa mbili usiku nyumba 40 zimewasha. Nyingine hazina kuranti, nyingine zimelala, nyingine ziko kwenye maombi. Katika hizo 40, nyumba 20 ziko kwenye kituo kimoja. Kituo hicho kina nyumba 20 kati ya 100, yaani asilimia 20 ya nyumba zote zenye televisheni. Hiyo ni namba ya kwanza. Lakini kina pia nyumba 20 kati ya 40 zilizowasha, yaani asilimia 50 ya wanaotazama saa ile. Hiyo ni namba ya pili. Kituo kitasema, "Nusu ya watazamaji ni wetu." Hakijasema uongo. Ila mama anayesikia atadhani nusu ya kartiye.

Tarehe 28 Februari 1983 Wamarekani walitazama kipindi cha mwisho cha M*A*S*H, mchezo wa kuigiza kuhusu madaktari wa vita vya Korea. Asilimia 60 ya nyumba zote zenye televisheni zilikuwa hapo, na kati ya zile zilizokuwa zimewasha saa ile, asilimia 77. Kipindi ni kilekile, jioni ni ileile, namba ni mbili. Basi tukisikia asilimia, swali la kwanza liwe: asilimia ya nini?

Tena tuone kitu kingine. Katika kartiye yetu ya mfano tulihesabu nyumba zenye televisheni peke yake. Nyumba zisizo nayo hazimo hata katika ile 100, ijapokuwa watoto wake wote wamejaa dirishani kwa jirani.

Je, hesabu ni sahihi?

Jibu letu ni hili: kwa kituo kikubwa na kwa nchi nzima, hesabu iliyofanywa vizuri inakaribia ukweli. Kwa kituo kidogo, na kwa kundi dogo la watu, inaweza kuteleza sana.

Hebu tufanye hesabu kama darasani. Tumeuliza watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na 200 wamesema walitazama kituo fulani. Hiyo ni asilimia 20. Wataalamu wa hesabu wanatuambia kwamba ukweli wa mji mzima, karibu kwa hakika, uko kati ya 17 na nusu na 22 na nusu. Si vibaya. Sasa tuchukue kituo kidogo ambacho watu 10 tu kati ya 1,000 walikitaja. Hiyo ni asilimia 1. Ukweli wake unaweza kuwa chini ya nusu ya moja, au ukapita moja na nusu. Mwezi huu kituo hicho kitalia kwamba kimeanguka, mwezi ujao kitapiga ngoma kwamba kimepanda, na pengine hakuna mtazamaji hata mmoja aliyehama.

Na kama kati ya wale 1,000 tunataka kujua habari za wamama wenye watoto wachanga, na wako 100 tu? Asilimia 20 kwao inaweza kuwa 12, inaweza kuwa 28. Kadiri tunavyokata kundi vipande vidogo, ndivyo hesabu inavyolegea. Mtu akituambia kwa uhakika wote kwamba wamama vijana wa kartiye fulani wanapenda kipindi hiki kuliko kile kwa tofauti ya pointi mbili, tusimwamini upesi.

Hilo ni kosa la bahati. Lina adabu, kwa sababu ukubwa wake unajulikana. Yako makosa mengine yasiyo na adabu.

La kwanza ni uchovu. Mtu anayekubali kipimo hubonyeza vizuri majuma ya mwanzo, kisha anachoka. Watoto huchoka mapema zaidi. Mama anayepita na kurudi kati ya sebule na jikoni atabonyeza mara ngapi? Kwa kipimo ama yupo muda wote ama hayupo kabisa.

La pili ni vituo vyenyewe kutega mtego. Huko Marekani madaftari yaligawiwa kwa wingi miezi minne ya mwaka: Februari, Mei, Julai na Novemba. Vituo vilijua. Miezi hiyo vikatoa filamu bora, habari za kutisha na zawadi, ili daftari lijae jina lao. Ni kama mwanafunzi anayesoma siku inspekta anapokuja tu. Madaftari hayo ya karatasi yaliachwa mwaka 2018.

La tatu ni mashine kutotunzwa. Wakati wa ugonjwa wa korona mafundi wa Nielsen hawakuweza kuingia katika nyumba za watu. Vipimo vilivyoharibika havikutengenezwa, nyumba zilizotoka hazikupata mbadala wa kutosha. Mwaka 2021 baraza linalokagua vipimo hivyo Marekani lilisema kampuni ilikuwa imehesabu watazamaji pungufu, na mwezi wa Septemba likaiondolea kibali chake. Kibali kilirudishwa mwaka 2023. Tuangalie: kampuni ya zamani kuliko zote, yenye pesa na wataalamu, nayo iliteleza. Lakini kulikuwa na mkaguzi aliyesema wazi.

La nne ni rushwa. Oktoba 2020 polisi wa mji wa Mumbai, India, walitangaza kwamba baadhi ya nyumba zenye kipimo zilikuwa zinapewa pesa ili ziache televisheni kwenye vituo fulani. Vituo vilivyotajwa vilikana. Shirika la kupima la huko, BARC, lilikuwa na nyumba karibu 44,000 kwa nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja. Fikirini: kwa kituo kidogo, nyumba chache tu zilizonunuliwa zinatosha kubadili cheo. BARC ilisimamisha kutoa namba za vituo vya habari, na namba hizo zilirudi Machi 2022 tu. Kwa sababu hiyo orodha ya nyumba zenye kipimo ni siri kila mahali, na mwenye nyumba huombwa asijitangaze.

Na hapa kwetu Kongo?

Njia inayojulikana zaidi kwetu ni ankete: mtu anakuja na karatasi au simu ya mkononi, anauliza ulitazama nini jana, saa hadi saa. Kuna ankete iitwayo Africascope, inayofanywa na kampuni ya Kantar katika nchi kadhaa za Afrika zinazotumia Kifaransa, na Kinshasa imo. Watu huulizwa uso kwa uso. Ni kazi ya maana, na kumbukumbu ya jana ni bora kuliko kukosa kabisa. Lakini tuone wanaoulizwa ni nani: ni watu wa mijini, wenye umri wa miaka 15 na kuendelea.

Hapo wamama tusimame kidogo. Ufaransa wanahesabu kuanzia mtoto wa miaka 4. Marekani wanaanza na wa miaka 2. Katika ankete inayoanzia miaka 15, mtoto wa shule ya msingi hana sauti. Tunajua sote ni nani anayeshika telekomande kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni: ni mtoto aliyetoka shuleni. Lakini kwenye karatasi saa hizo zinaonekana kama hazina watu wengi. Basi mwenye kituo anazijaza kwa video za muziki na filamu za bei rahisi, nasi jioni tunashangaa watoto wamejifunza wapi hayo maneno. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, masomo yalipitishwa redioni na kwenye televisheni. Kupima walimu wa televisheni walifikia wanafunzi wangapi ni vigumu sana pale mwanafunzi mwenyewe hamo katika watu wanaoulizwa.

Na mama wa kijijini? Ankete ya mijini haimfikii. Redio yake ndogo anayoisikiliza akitwanga au akilima haimo. Lugha yake haimo vilevile, maana maulizo yakifanywa kwa Kifaransa mahali ambapo watu wanajibu vizuri zaidi kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, wenye aibu watajibu kidogo ili waachwe.

Yako mambo mengine ya kwetu ambayo mashine ya Chicago haikuyafikiria. Kuranti inakatika na kurudi. Siku umeme wa kartiye moja ulipokatwa, kituo kinachopendwa hapo kinaonekana kimekosa watu, kumbe watu walikuwepo gizani. Televisheni moja inatazamwa na parseli nzima, na mechi ya mpira ikichezwa watu thelathini wanabanana kwenye baa au kwa jirani mwenye dekoda. Anayehesabu nyumba anaona nyumba moja.

Kisha kuna mlango. Muulizaji anapobisha, nani anajibu? Mara nyingi baba, au kijana wa kiume mkubwa. Anajibu kwa niaba ya wote: "Sisi hapa tunatazama habari na mpira." Mama aliyefuata kipindi cha afya, dada aliyefuata novela, mtoto aliyefuata katuni, wote wamekuwa habari na mpira.

Tufanye nini?

Hatuna mamlaka juu ya makampuni hayo, lakini mengine yako mikononi mwetu.

Muulizaji akija, tumwombe kwanza aonyeshe barua au kadi ya kazi, kwa kuwa wezi nao wanajua kuuliza nani ana televisheni. Tukiridhika, tumjibu. Kila mtu mzima aliyechaguliwa ajisemee mwenyewe, mama asisemewe. Tuseme ukweli wa jana, tusiseme tunachodhani kinaleta heshima. Mtu anayetazama novela kisha anasema alitazama mjadala wa siasa, anaiambia televisheni iongeze siasa. Na tusikubali zawadi kutoka kwa kituo ili tukitaje.

Tukisikia kituo kinajisifu, tuulize maswali manne: Nani alihesabu, je, ni kituo chenyewe? Waliulizwa watu wangapi, na wa wapi? Wanawake na watoto walikuwemo? Asilimia hiyo ni ya watu wote, au ya waliokuwa wamewasha tu? Asiye na majibu ana matangazo, hana hesabu.

Mwisho, vikundi vyetu vinaweza kujipimia. Pale mnapokutana kwa likelemba au kwa akiba, fanyeni zoezi hili. Chagueni barabara tatu zisizofanana: moja karibu na barabara kubwa, moja ya juu mlimani, moja ya wenye maisha magumu. Katika kila barabara ingieni nyumba ya tano, ya kumi, ya kumi na tano, hivyo hivyo hadi mwisho. Msichague nyumba za marafiki, maana huko ni kuchota sombe upande mmoja. Msiruke nyumba isiyo na televisheni. Ulizeni watu wake walitazama wapi na walisikiliza redio gani. Kwanza mwulizeni mkubwa wa nyumba peke yake: jana hapa walitazama nini? Andikeni. Kisha mwulizeni kila mmoja, na mtoto wa miaka 4 na zaidi mbele ya mzazi wake: wewe jana ulitazama nini, saa ngapi, wapi? Andikeni kila mtu kwenye mstari wake. Majina ya watu yasiandikwe. Umri, mke au mume, vinatosha.

Nyumbani kwa kikundi, wekeni majibu ya mkubwa upande mmoja na ya kila mtu upande wa pili. Tofauti kati ya pande hizo mbili ndiyo inayoonyesha nani anapotea katika hesabu. Kwa nyumba 40 au 50 hamwezi kusema kituo gani ni cha kwanza mjini, na msijaribu kusema hivyo. Lakini mnaweza kusema: tumekuta watoto wangapi saa kumi jioni, na walikuwa wanatazama nini. Karatasi hiyo, ikiwa na tarehe, majina ya barabara na namna mlivyochagua nyumba, ipelekeeni redio na televisheni za hapa, mkiomba kipindi cha watoto kiwekwe saa ambayo watoto wapo.

Vikundi vitakavyofanya zoezi hilo vituletee matokeo shuleni au kwenye mkutano wa juma. Tutasaidia kupiga hesabu, na tutayachapa humu, pamoja na yale yasiyotupendeza.